Nilivyomalizana na bushi za kirikuu zilizokuwa zinakatika kila mara

Mi nabeba zabibu na kirikuu (kile kigari kidogo cha mizigo) toka mashambani Hombolo kuleta Dodoma mjini, na kwa mwaka mzima bushi za springi za nyuma, vile vipande vya mpira vinavyokaa kwenye tundu la springi, zilikuwa zinanimaliza, nafunga mpya, miezi miwili haifiki zishakatika, fundi ananambia nunua tu nyingine ndo zilivyo. Nikachoka.

Siku moja nikachukua iliyokatika nikaipasua na wembe. Ndani imepauka, ukiikunja kona inakuwa nyeupe halafu inamung'unyika kama udongo wa kichuguu. Nikachoma kipande nje ya uzio pamoja na kipande cha tairi kuukuu, tairi likaacha jivu kidogo sana, ile bushi ikabaki rundo la jivu jeupe limesimama vilevile. Chaki tupu!

Nikampelekea kijana mmoja anayepika mipira, na huyu ndo alinifumbua macho. Kumbe mpira mbichi peke yake hauna kazi, unachanganywa na salfa unapikwa ndo unashikana, hiyo inajulikana tangu Goodyear mwaka 1839, ila kustahimili kusagika na kuchanika kunaletwa zaidi na masizi, na sio ya sufuria, ni ya kiwandani yenye punje ndogo mno ambazo mpira unazing'ang'ania. Chaki ya kawaida punje zake kubwa, mpira hauzishiki, ukivuta unaachana nazo panabaki vitundu, ndo ule weupe niliouona kwenye kona. Inawekwa ili mchanganyiko uwe mwingi na bei ishuke.

Nikamwambia basi nipikie yenye masizi mengi kabisa, akaweka 80 kwa kila 100 ya mpira kwa uzito. Nilikosea hapo. Ikatoka ngumu kama kwato, gari linatetema lote, zabibu zinafika zimepondeka, na ukingoni ikaanza kupasuka maana mpira wenyewe wa kuvutika umebaki kidogo. Ya pili akaongeza mafuta ya kulainisha, akazidisha, ikawa laini lakini ikalala, mzigo ukipanda chuma kinagonga chuma.

Ya tatu ndo ninayotumia mpaka sasa: masizi 50, mafuta 5, zinki oksaidi 5 na asidi ya stiariki 2 (hizi zinasaidia salfa ifanye kazi), salfa 2 na nusu, kichocheo kidogo cha kuharakisha kuiva, na nta pamoja na dawa ya kuzuia mpira usipasuke kwa jua na hewa (kwa jua letu la Dodoma hiyo msiiruke jamani), ikapikwa kwenye moldi nyuzi 150 za Selsiasi kama dakika 20. Ukibonyeza na kucha inaingia kidogo inarudi, ukikunja inabaki nyeusi. Imebeba msimu mzima wa zabibu na bado ipo.

Kitu kingine, fundi wangu alizoea kupaka grisi ili bushi iingie kirahisi, na mpira wa asili ukikutana na mafuta unavimba na kulegea hata kama umepikwa vizuri vipi, kwa hiyo sa hivi tunaingizia kwa maji ya sabuni, tunafuta, tunakaza boliti gari likiwa chini na uzito wake.