Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa sauti hapa Dodoma

Saa 11:30 alfajiri

Naamka, napiga mswaki, nakunywa maji. Siimbi bado. Usiku kucha nyuzi za sauti huwa zimevimba kidogo, ndiyo maana sauti ya alfajiri ni nzito, na ukiilazimisha kupanda unaiumiza. Navuma tu jikoni midomo ikiwa imefumbwa, chini chini, chai ikichemka. Kisha najifunika kanga kichwani juu ya beseni lenye maji ya moto yanayotoa mvuke, dakika chache.

Wanafunzi wangu wote nawasisitizia hili, maana Agosti ya Dodoma ni ukame, upepo na vumbi. Maji unayokunywa hayapiti kwenye nyuzi za sauti, yanashuka njia ya chakula. Faida yake inafika kooni baadaye, mwili ukishayasambaza. Mvuke ndio unaozigusa moja kwa moja. Anayebugia chupa nzima ya maji akiwa anapanda jukwaani amechelewa. Alipaswa kuanza asubuhi.

Saa 2 asubuhi

Chumba changu cha kufundishia kipo Makole: kinanda, kioo, viti viwili na jagi la maji. Wa kwanza leo ni mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi na mwimbaji wa kwaya. Ananiamkia kwa kunong'ona, ingawa mimi ndiye ninayepaswa kumpa shikamoo.

"Mwalimu, sauti imekauka. Nimekunywa tangawizi, limao, hadi mayai mabichi."

Namwambia kwanza aache kunong'ona. Watu wengi hudhani wanaipumzisha sauti, kumbe wakinong'ona kwa nguvu wanalikaza koo zaidi. Azungumze kwa sauti yake ya kawaida, polepole, au anyamaze kabisa. Na mayai hayo, kama ilivyo kwa maji, hayafiki kwenye nyuzi.

Nampa glasi ya maji nusu na mrija wa juisi. Anauzamisha kiasi cha upana wa vidole viwili, anaubana kwa midomo, anatoa "uuu" ndani ya maji. Mapovu yanaruka mpaka mezani, sauti inakatika.

"Punguza pumzi, mama."

Anapunguza. Mapovu yanakuwa madogo, yanalingana, mabega yanashuka. Kwenye jaribio linalofuata sauti inatoka bila mikwaruzo, na yeye mwenyewe anainua macho kuniangalia. Mrija unazuia hewa isitoke kwa kasi, msukumo kidogo unarudi kooni, nyuzi zinakutana kwa upole badala ya kugongana. Mtafiti wa sauti wa Marekani, Ingo Titze, ndiye aliyelieneza sana zoezi hili, na kwangu halijapata mpinzani kwa bei wala kwa faida.

Ila mimi si daktari. Namwambia wiki hii hakuna kwaya, na darasani atumie kengele na makofi kuwatuliza watoto. Ukwaruzaji ukifika wiki tatu, aende kwa daktari wa masikio, pua na koo akaangaliwe kwa kamera. Kunaweza kuwa na vinundu, au jambo lingine ambalo mazoezi hayaliwezi.

Saa 5 asubuhi

Kijana wa Bongo Fleva, Jumatatu anaingia studio. Kila akipanda juu, kidevu kinanyanyuka na mishipa ya shingo inasimama. Namshika bega, namwonyesha kwenye kioo. Noti ya la tunayotumia kupimia vyombo ina mitikisiko 440 kwa sekunde; ukiiimba, nyuzi zisizofika hata sentimita tatu zinakutana na kuachana mara zote hizo. Zinahitaji pumzi inayotoka kwa kipimo. Nguvu za shingo hazisaidii kitu.

Namsikilizisha Hukwe Zawose, mwimbaji wa Kigogo wa hapa hapa Dodoma, aliyefariki mwaka 2003. Anatoka sauti nzito ya kifuani hadi nyembamba ya kichwani, anarudi, na husikii koo likikaba. Inaniuma kwamba vijana wetu wanatafuta walimu wa kuiga Lagos na Marekani wakati Chamwino ipo jirani, na akina mama wa Kigogo wanaimba sauti kadhaa kwa pamoja huku wanapiga ngoma za muheme. Kijana amesikiliza mpaka mwisho, kisha ameomba turudie.

Saa 7 mchana

Wali maharage, halafu kimya. Najibu ujumbe kwa maandishi. Binti wa Kondoa anayejiandaa na kaswida za Maulidi anasema koo linamchoma kila asubuhi. Namuuliza anakula saa ngapi. Saa 4 usiku, kisha analala. Namshauri ale mapema, maana tindikali ya tumbo hupanda mtu akilala ameshiba.

Saa 10:30 jioni

Bajaji hadi Nkuhungu, kanga puani. Kwaya imeshaanza, bati juu, saruji chini, spika zote zimeelekezwa kwa waumini. Waimbaji hawajisikii, kwa hiyo wanapiga kelele. Tunageuza spika moja iwatazame wao, na kelele zinapungua bila mimi kusema neno.

Tatizo kubwa ni karatasi ya wimbo: do, noti ya kuanzia, imewekwa G, juu mno. Sauti ya kwanza, wanaoimba juu, wanakaba kila kiitikio, na wawili kati yao ni alto kabisa, sauti ya chini ya wanawake, wamewekwa pale kujaza nafasi. Namshauri mwalimu wa kwaya ashushe do iwe F.

"Wimbo utapoa, mwalimu."

"Jaribu mara moja tu, ndugu yangu."

Wameimba. Maneno ya kiitikio yamesikika yote. Amekubali tubaki na F mpaka Jumapili, na wale wawili wamehamia alto wakicheka kwa furaha. Sasa besi ndio wanaolalamika kwamba noti ya mwisho imeshuka mno, kwa hiyo Jumanne narudi tuwaandikie nyingine.