Siku yangu Ostia Antica na kina mama wa Mwanza

Saa 12:40 asubuhi niko stesheni ya Piramide, Roma, nakunywa kahawa ya kusimama. Leo nasindikiza kina mama wa parokia moja ya Mwanza na padri wao. Maelezo hutolewa na mwongozaji wa Kiitaliano mwenye leseni. Mimi natafsiri, nahesabu vichwa na kushika tiketi.

Saa 1:30. "Shikamooni, mama zangu." "Marahaba, baba, umekula lakini?" Treni ya kuelekea baharini inaanzia Porta San Paolo, na safari ni kama nusu saa.

Saa 2:30 geti la magofu ya Ostia Antica linafunguliwa. Tunafuata Decumanus Maximus, barabara kuu ya mji uliokuwa bandari ya Roma, mdomoni mwa mto Tiber. Mawe yake hayana huruma. Jana nilisisitiza raba, ila viatu vya kanisani havikosekani.

Saa 3:15, nyuma ya jukwaa la maonyesho. Hapa napenda kuchelewa hata mwongozaji akiangalia saa. Uwanja umezungukwa na vyumba vya wafanyabiashara na wenye meli, na sakafuni mbele ya kila kimoja kuna mozaiki nyeusi na nyeupe: wa Karthago, Tunisia ya leo, hawa, wa Narbo, Ufaransa ya leo, wale, na mwenye picha ya tembo ni wa Sabratha, Libya ya leo. Mama anayeuza dagaa soko la Mwaloni, Mwanza, ananiwahi: "Kumbe walikuwa na fremu zao!" Ndivyo. Ngano ya Misri na Afrika Kaskazini ndiyo iliyoilisha Roma, na mizigo yake ilishughulikiwa na watu kama hawa.

Saa 4:30, choo cha umma: benchi la marumaru lenye matundu yaliyopangana, hakuna hata kizuizi. "Na aibu waliiacha nyumbani?" Padri anageukia ukuta, mabega yanamcheza.

Mgahawa wenye kaunta ya mawe tunaupita haraka. Jua limeshakuwa kali.

Saa 5:45, nje ya magofu, kanisa la Sant'Aurea. Mtakatifu Monika alifia Ostia mwaka 387, akisubiri meli ya kurudi Afrika na mwanawe Augustino. Kipande cha jiwe la kaburi lake kilipatikana hapa mwaka 1945, vijana walipokuwa wakichimba shimo. Kina mama wanasali rozari, nami nasogea pembeni kupiga simu kuhusu chakula.

Saa 7:10 tuko kwenye treni. Mchana wanakwenda kanisa la Sant'Agostino, Roma, yalipo masalia ya Monika, na mwenzangu atawapokea. Mimi nina kundi jingine saa tisa.