Leseni ya kuvuka daraja

Kutoka Davenport, Iowa, hadi Moline, Illinois, ni kuvuka mto Mississippi tu. Kwa gari hata wimbo wa tatu haujaisha redioni. Leseni yangu ya udaktari ilichukua miezi saba kuvuka hapo hapo.

Nilikuwa na mgonjwa wa kisukari, mama wa Kikongo, tukionana kwa video. Alipohamia Moline kufuata nyumba ya kodi nafuu ikabidi tuache, maana kila jimbo lina leseni yake, na sheria huangalia mgonjwa yuko wapi wakati wa kuonana, si daktari. Mwanawe akabuni njia: anampakia mama garini, wanavuka daraja, wanaegesha nje ya supamaketi upande wetu, ndipo wanapiga. "Mama dokteri, sasa niko Iowa," ananiambia kutoka kiti cha nyuma, kajifunika blanketi, mjukuu akilia pembeni. Mara ya tatu ilikuwa siku ya theluji. Niliona haya, nikaamua kuomba leseni ya Illinois.

Majimbo mengi ya Marekani yana mkataba wa kurahisisha leseni za madaktari kati yao, ulioanza kufanya kazi mwaka 2017. Unaomba kupitia jimbo lako la msingi, kwangu Iowa, unalipa dola 700 zisizorudishwa, kisha ada ya kila jimbo unalotaka. Jimbo la msingi ndilo linalokuchunguza: alama za vidole zinakwenda FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu, na ukipita unapewa barua ya kuthibitisha kuwa umestahiki, inayodumu siku 365.

Mwenzangu wa kazini alinionya: kabla hujajaza chochote, omba rekodi yako mwenyewe FBI, ni dola 18. Nilicheka. Mimi na FBI wapi na wapi? Binti wa Tanga, mtoto wa mwalimu! Lakini nikaagiza.

Ikaja na mstari mmoja. Nikiwa bado kwenye mafunzo ya ubingwa, katika mji mwingine, nilihama nyumba, barua za faini ya barabarani zikaendelea kwenda anwani ya zamani. Leseni ya udereva ikasimamishwa nami sijui. Siku moja nikasimamishwa njiani, nikapelekwa kituoni, nikapigwa alama za vidole, nikaachiwa jioni. Nililipa faini, kesi ikafutwa. Nyumbani sikumwambia mtu, na baada ya miaka kadhaa nilikuwa nimejisahaulisha hata mimi.

Rekodi haikusahau. Mbaya zaidi, iliandika nimekamatwa, basi. Kilichofuata hakikuwepo. Polisi hutuma alama mtu anapokamatwa, lakini habari za hukumu au kufutwa kwa kesi hutumwa baadaye, na mara nyingi hazifiki. Kwa hiyo anayesoma anamwona mtu aliyeingia kituoni na hakutoka.

Fomu niliyojaza iliuliza kuhusu kukamatwa, hata kama kesi ilifutwa. Nakiri nilikaa na lile swali usiku mzima. Ningeandika "hapana", kosa lisingekuwa tena faini ya barabarani. Lingekuwa uongo, na huo bodi za leseni hazisamehi kirahisi. Nikaandika "ndiyo", nikaanza kutafuta hati ya mahakama yenye muhuri inayosema kesi ilifutwa. Hapo ndipo miezi yangu ilipoliwa. Faili lilikuwa limepelekwa ghala, karani wa kwanza akaniambia halipo, wa pili akataka maombi kwa barua, wa tatu, Mungu ambariki, akalipata kwa dakika kumi.

Halafu vidole vyenyewe. Miaka ya kunawa kabla na baada ya kila mgonjwa, pamoja na kitakasa mikono, imenisugua mistari yote. Alama za kwanza zilikataliwa kwa kutosomeka. Mpigaji alama, mzee mstaafu wa polisi, alinigeuza viganja akasema mikono yangu ni kama ya mwashi. Akanishauri nipake mafuta kila usiku kwa wiki moja, nije nikiwa likizo, lakini asubuhi ya kupiga nisipake kitu. Nikatumia mafuta ya nazi aliyoniletea shangazi kutoka Pangani, ambayo nilikuwa nimeyaweka kwa ajili ya nywele. Zikasomeka. Zingekataliwa mara ya pili, ofisi ingeweza kuomba nichunguzwe kwa jina badala ya alama.

Kilichonishangaza ni kwamba majibu ya FBI yalifika Iowa yakakomea hapo. Sheria ya mwaka 1972 inayoruhusu FBI kuzipa mamlaka za leseni rekodi hizo haiziachii zipokezane. Illinois ilipata barua tu, kwamba huyu anafaa. Kwa majimbo yaliyo nje ya mkataba, kama California, hata barua hiyo haisaidii: mwenzangu yule yule alipiga alama upya kabisa, ingawa FBI ni ile ile na vidole ni vile vile.

Leseni ilitoka siku ya Alhamisi. Jumatatu yake nikampigia mama. Alikuwa jikoni kwake Moline, sufuria ya maharage nyuma yake, akaanza kuita mwanawe atafute funguo za gari. Nikamwambia akae, nikamwuliza sukari ya asubuhi ilikuwa ngapi. Akasema ngoja kwanza, avae miwani.