Jinsi ninavyosasisha kompyuta za nyumbani kwa bando dogo

Nyumbani kwetu Morogoro kuna kompyuta tatu, zote zinategemea ruta moja ndogo ya laini ya simu. Mke wangu ni mwalimu, anatungia mitihani kwenye kompyuta mpakato yake. Watoto wana ya mezani ya mtumba, na ya tatu ni yangu ya kazi. Katika hali hiyo apdeti, yaani masasisho ya programu, ni hesabu ya bando na umeme, na hapo ndipo watu wengi wanapokata tamaa wakaamua kuzizima.

Ile ya mezani ilikuja apdeti zikiwa zimezimwa tayari. Fundi aliniambia dukani, kwa nia njema kabisa: "Kaka, hizo apdeti nimekuzimia, zinakula bando bure." Nilimshukuru, nikafika nyumbani nikaziwasha. Alikuwa ameizima huduma yenyewe ya Windows Update, hivyo ilibidi niitafute kwenye orodha ya huduma za mfumo na kuirudisha. Simlaumu, maana wateja ndio wanaomwomba afanye hivyo.

Ila mimi nakumbuka WannaCry. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi hicho kilianza kufunga mafaili ya watu duniani kote na kudai fidia kwa Bitcoin, hata hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Hakikuhitaji mtu abonyeze chochote. Kilipita kwenye tundu la huduma ya Windows ya kushirikiana mafaili, kikaruka kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Na kiraka, yaani apdeti ya kuziba tundu hilo, kilikuwa kimetolewa na Microsoft tangu 14 Machi, karibu miezi miwili kabla, kwa matoleo yote yaliyokuwa bado yanahudumiwa.

Kwenye bando, kilichoniokoa ni kujua ratiba. Microsoft hutoa viraka vyake vya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, asubuhi ya Marekani, ambayo kwetu ni saa 2 au saa 3 usiku. Kwa hiyo sina haja ya kuiacha Windows ivute data kila siku. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi kuna swichi ya kuijulisha kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kiasi kinachotumika. Ukiiwasha, Windows huacha kujivutia masasisho mengi yenyewe. Sisi tunaishi na swichi hiyo ikiwa imewashwa. Ikifika wiki ya viraka nanunua bando la usiku, ambalo ni nafuu, nazima swichi, na kompyuta yangu inaanza kupakua watu wakiwa wamelala.

Halafu kuna jambo ambalo natamani kila nyumba yenye kompyuta zaidi ya moja ilijue. Windows 10 na 11 zinaweza kugawana masasisho zenyewe kwa zenyewe ndani ya mtandao mmoja wa nyumbani. Unaruhusu kwenye mipangilio, na kompyuta ya pili inachukua vipande kutoka kwa ya kwanza badala ya kuvivuta vyote upya mtandaoni. Si kila kitu kinapita njia hiyo, lakini bando linadumu zaidi. Na ukikosa mwezi mmoja usihofu: kiraka cha usalama cha mwezi unaofuata hubeba ndani yake na vile vilivyotangulia.

Kuwasha upya nasubiri asubuhi. Ile ya mezani haina betri, na umeme ukikatika katikati ya usakinishaji unaweza kuharibu mfumo.

Kivinjari ni habari nyingine. Hicho hakingoji wiki ya viraka, kwa sababu ndicho kinachokutana na kila tovuti. Chrome na Firefox hujipakulia toleo jipya, lakini halifanyi kazi mpaka ukifunge kivinjari na kukifungua tena. Mwenye tabia ya kuacha kurasa wazi wiki nzima anabaki na tundu lilelile. Watoto nimewafundisha sheria moja: tovuti ikikwambia "kivinjari chako kimepitwa na wakati, pakua hapa", funga. Apdeti ya kweli wanaitafuta kwenye mipangilio ya kivinjari chenyewe.

Windows 10 ilipofikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta ya watoto haikuwa na sifa za kupokea Windows 11 kwa sababu ya prosesa yake (ubongo wa kompyuta) ya zamani. Nikaiwekea Linux Mint 22, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, ambayo itapata masasisho hadi 2029. Watoto waliizoea haraka kuliko nilivyotarajia, kwani wao wanahitaji kivinjari na LibreOffice, programu ya kuandikia, tu. Ya mke wangu ina programu za shuleni zisizokubali Linux, hivyo niliiandikisha kwenye mwaka wa nyongeza wa viraka, unaoishia Oktoba 2026. Kabla ya hapo tunaweka akiba ya kununua nyingine, na safari hii swali langu la kwanza dukani litakuwa ni prosesa ya kizazi cha ngapi.