Kutoka Busia Hadi Kampala

Nilivuka mpaka wa Busia asubuhi moja ya Julai 2025 kwa kitambulisho cha Kenya tu, kwani raia wa nchi hizi mbili huruhusiwa kuvuka bila pasipoti. Ndani ya basi niliketi na mama mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa vitenge, ambaye Kiswahili alikipata katika miaka ya kuuza bidhaa Eldoret.

Tulipofika Iganga alinionyesha upande wa Luuka. Huko ndiko Robert Kyagulanyi, maarufu kama Bobi Wine, alikokamatwa tarehe 18 Novemba 2020 akiwa katika kampeni za urais, na maandamano yaliyofuata yakazimwa kwa risasi. Serikali yenyewe ilikiri kwamba watu 54 walikufa. Wiki chache baadaye mpwa wa mama yule alichukuliwa jioni, unga ukiwa bado mikononi, mbele ya kibanda chake cha chapati, na wanaume waliovaa kiraia wakamwingiza katika HiAce isiyo na namba za usajili, yale magari ambayo Waganda huyaita droni. Mama alizunguka kituo baada ya kituo, na kila alikofika aliambiwa kijana huyo hayupo.

"Heri angekamatwa na polisi, mwanangu," aliniambia. "Ningejua chakula nipeleke wapi."

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, lakini saa hizo zitahesabiwa tangu lini, ikiwa hakuna anayekiri kumshika? Rais Museveni ametawala tangu Januari 1986. Ukomo wa mihula uliondolewa mwaka 2005, na wa umri mwaka 2017. Mengi yamesemwa kuhusu hayo, na ni haki yasemwe, ila kwangu dhuluma iliyo nzito kuliko zote ni hii ya kumnyima mtu hata jina la aliyemkamata. Kijana alirudi baada ya miezi kadhaa, akaachwa usiku kando ya barabara. Hadi leo hufunga kibanda kabla giza halijaingia.

Kampala nilipita Makindye, ilipo mahakama ya kijeshi ambako mwanasiasa wa upinzani Kizza Besigye alifikishwa Novemba 2024 baada ya kutekwa Nairobi, katika mji wetu wenyewe, jambo ambalo kila Mkenya anapaswa kuliulizia. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba raia hawapaswi kushtakiwa huko. Ilipofika Juni, Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuwarudisha. Besigye alikuwa bado katika gereza la Luzira, akikabiliwa na shtaka la uhaini.

Wakili mmoja kijana aliniambia anakusanya maelezo ya waliowahi kuchukuliwa na magari yale. Nilimpigia simu yule mama, nikamweleza. Alijibu kwamba atamwuliza mpwa wake, na kwamba hata akikubali, jina lake lisiandikwe popote.