Siku moja juu ya matangi ya dizeli

Saa 1 asubuhi. Simu naiacha kabatini, nasaini kibali cha kazi, mwenzangu anapima gesi ndipo tunapanda ngazi. Hapa cheche hairuhusiwi. Ndiyo maana kimo cha dizeli tunakipima kwa mwanga: kinachoingia tangini ni uzi wa kioo, umeme unabaki chumba cha mitambo.

Saa 2 na nusu. Nafuta ncha za nyuzi hizo, ndizo vihisi vyetu, cha juu na cha chini ya tangi, kwa kitambaa na spiriti. Mwanafunzi wetu anauliza, "Kaka, kioo kinajuaje kama kimelowa?" Ncha imechongwa kwa digrii 45, namwambia. Ikiwa hewani, mwanga unaigonga na kurudi wote, maana kwa kioo na hewa mwanga huanza kuakisiwa kabisa ukizidi digrii 43 hivi. Ncha ikizama, dizeli hupinda mwanga karibu sawa na kioo, kwa hiyo mwanga unapitiliza na kupotelea humo. Mwanga ukirudi, pakavu. Giza likiwepo, kuna dizeli.

Saa 5. Chumba cha mitambo wananiita: pampu inalia vibaya, lakini kihisi cha chini kinasema dizeli ipo. Nashusha utepe wa kupimia. Umetoka mkavu. Pampu inazimwa.

Hapo ndipo penye mtego wa kifaa hiki, na sijui kwa nini waliofunga huu mtambo hawakuufikiria. Giza haliletwi na dizeli tu. Uzi ukikatika pia ni giza. Kwa kihisi cha juu haina neno: uzi ukikatika king'ora cha "tangi limejaa" kinalia, tunakuja kuangalia. Kwa cha chini, uzi uliokufa unaapa kwamba dizeli ipo huku pampu inaungua.

Saa 6. Napima uzi kwa mashine inayotuma mpigo wa mwanga na kusikiliza mwangwi wake. Mwanga hutembea kama sentimeta 20 kwa nanosekunde ndani ya kioo, kwa hiyo muda wa kurudi unataja umbali. Mita 14, pale ngazini. Mtu alikaza kibana cha plastiki mpaka uzi ukavunjika.

Saa 7, chakula.

Saa 8. Mashine ya kuunganisha nyuzi huziyeyusha kwa cheche ya umeme, kwa hiyo hairuhusiwi karibu na tangi! Tunavuta kebo mpya hadi kwenye boksi lililo nje ya eneo la hatari, nachomelea hapo. Uzi una unene wa milimita 0.125, na upepo unanichezea. Naharibu mara mbili, ya tatu inashika.

Saa 10. Jaribio kwa ndoo ya maji. Nazamisha ncha: giza. Naitoa: bado giza. Mwanafunzi ananitazama. Tone limening'inia nchani. Nalipuliza, mwanga unarudi.

Saa 11. Narudisha kibali. Kwenye daftari naandika: kihisi cha chini kiongezewe uzi wa pili wa kulinganishia.