Siku Mwalimu wa Kiswahili Alipotufundisha Kiima cha Kiingereza

Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa kidato cha kwanza katika shule moja ya kutwa wilayani Muheza, mkoani Tanga. Kama watoto wengi wa Tanzania, tulikuwa tumesoma masomo yote ya shule ya msingi kwa Kiswahili, isipokuwa Kiingereza chenyewe, halafu tulipofika sekondari tukajikuta tunafundishwa jiografia, baiolojia na hisabati kwa lugha ambayo wengi wetu tuliijua kwa salamu tu. Shuleni kwetu ilikuwa marufuku kuzungumza Kiswahili nje ya kipindi chake, na aliyesikika akikizungumza aliandikwa jina, akafagia uwanja. Amri hiyo niliichukia wakati ule na naichukia mpaka leo, kwa kuwa siku niliyoelewa jinsi sentensi ya Kiingereza inavyojengwa ndiyo siku ambayo mwalimu mmoja aliivunja amri hiyo mbele ya darasa zima.

Ilikuwa Julai, msimu wa machungwa. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mgonjwa, na kipindi chake kikashikwa na mwalimu wa Kiswahili, mama wa makamo ambaye tulimwita Madam. Tulisimama tukamwamkia, akatuambia tukae, kisha akachukua daftari la mwanafunzi wa dawati la mbele aone tulipofikia. Tulikuwa tumeandikishwa kwamba kiima ni mtenda na kiarifu ni kitendo, basi. Alisoma, akalifunga daftari, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa zilizonyooka:

“The price of the oranges from our farms has fallen.”

Akauliza kiima ni kipi. Wengine walisema machungwa, kwa sababu ndiyo yanayoanguka. Wengine wakasema mashamba, kwa sababu ndiyo yaliyo karibu na kitenzi. Hakumkemea yeyote. Alikwenda kuufunga mlango, akarudi ubaoni na kusema, “Haya wanangu, hiyo sentensi niambieni kwa Kiswahili.” Tulitazamana kwanza. Kisha msichana mmoja akasema: bei ya machungwa ya mashamba yetu imeshuka.

Madam aliiandika chini ya ile ya Kiingereza, akachukua chaki nyekundu na kuizungushia herufi moja tu, ile “i” inayoanza kwenye “imeshuka.” Akauliza imetoka wapi. Hakuna mtoto wa Kiswahili anayeshindwa swali hilo: imetoka kwenye bei. Yangekuwa machungwa tungesema yameshuka, na mashamba vilevile. “Basi mwenye sentensi ni bei,” alisema, “na Mwingereza naye amemfuata huyohuyo. Ndiyo maana ameandika ‘has,’ hakuandika ‘have.’” Akakata mstari wa wima kati ya “farms” na “has,” akatuonyesha kwamba vyote vilivyo kushoto ni kiima, ingawa ndani yake neno kuu ni moja, na vyote vilivyo kulia ni kiarifu.

Nakumbuka nilivyoutazama ule mstari. Kwa miezi mingi sentensi ndefu za vitabu vyetu zilikuwa zimenichanganya kwa wingi wa nomino zake, na sasa nilikuwa na njia ya kuzipanga, njia niliyokuwa nayo tangu nilipoanza kusema.

Kisha akaibomoa ile habari ya mtenda. Aliandika “The goat was beaten by the boy” na kutukumbusha kwamba kwa Kiswahili mbuzi alipigwa na mvulana. Aliyepiga ni mvulana, lakini habari inayotolewa ni ya mbuzi, kwa hiyo kiima ni mbuzi. Kiarifu nacho alituambia si kitenzi peke yake. Ukishakitoa kiima, kilichobaki chote, kiwe neno moja au mstari mzima, ndicho kiarifu. Sentensi za kuamuru alizipitia haraka: katika “Sit down” kiima ni “you,” ila hakitamkwi.

Jirani yangu wa dawati, kijana mpole aliyekuwa haongei ovyo, alinyoosha mkono na kuuliza juu ya sentensi iliyokuwa kwenye kitabu: “On the table are two books.” Kwa Kiswahili, alisema, tunasema mezani pana vitabu viwili, na hiyo “pa” inatokana na mezani. Je, kiima cha Kiingereza ni meza? Lile lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoyasikia mwaka ule. Madam aliwaza kidogo, akasema kwamba hapo njia zinaachana. Kiswahili kinakubali mahali pawe kiima na pavute kitenzi. Kiingereza hapo hakikubali, mahali panatangulia tu, na kitenzi kinaendelea kuvifuata vitabu. Akaipindua ikawa “Two books are on the table,” nasi tukaona kiima kimerudi mwanzoni.

Kengele ilipogonga alituachia sentensi moja ya kwenda nayo nyumbani: “There are three goats in the garden.” Akatukataza kuuliza mtu, alitaka tuijaribu wenyewe.

Tulibishana njia nzima, tukipita kwenye malori yaliyokuwa yakipakia machungwa kando ya barabara. Wapo walioshikilia kwamba kiima ni “there,” kwa kuwa kiko mwanzoni na hufanana na “kuna” yetu. Kesho yake asubuhi yule jirani yangu alikuja na jibu kwenye karatasi. Alikuwa amebadilisha idadi ya mbuzi. Kwa Kiswahili kuna mbuzi watatu, kuna mbuzi mmoja, na “kuna” haibadiliki. Kwa Kiingereza mbuzi akibaki mmoja, “are” inageuka kuwa “is,” wakati “there” iko palepale. Kwa hiyo kitenzi kilikuwa kikiwasikiliza mbuzi. Madam alisoma ile karatasi akiwa amesimama mlangoni, akampa chaki nyekundu, akamwambia akaandike ubaoni kabla mwalimu wa zamu hajapita.